Sura ya Sita: Nani Ajue?

Kwenye fomu ya kulazwa kuna mstari ambao wagonjwa wengi wa upasuaji wa kupunguza mwili huuruka kwanza. Hujaza umri, anwani, dini na bima, kisha huurudia mwishoni kalamu ikisitasita: jina la ndugu wa karibu na namba yake ya simu. Aliyekwenda kutengenezwa mguu anaandika jina la mkewe bila kufikiri. Anayekwenda kupunguzwa mfuko wa chakula ili apungue mwili anaanza kupiga hesabu. Mume hajui. Mama anajua, lakini ana presha. Dada anajua, ila dada akijua ukoo mzima umeshajua. Wapo wanaoandika namba ya rafiki wa kazini, na wapo wanaoandika namba yao wenyewe, ya laini ya pili.

Sina ugomvi na wanaoficha. Mwili mnene mijini kwetu ni mali ya umma. Kondakta anautania, shangazi anaupima kwa macho mlangoni kabla hajaitikia shikamoo, na jirani anauliza mbele za watu kama umejaa kwa raha au kwa mawazo. Anayetaka angalau habari moja ya mwili wake ibaki kwake ana haki hiyo. Ninachobishana nacho ni namna tunavyochagua wa kuwaambia. Wengi huchagua kwa ukaribu: mama kwanza, kisha dada, kisha shoga wa tangu shule. Mimi nasema chagua kwa kazi. Kila utakayemwambia awe na kitu cha kufanya, ukijue wewe na akijue yeye. Asiye na kazi anaweza kusubiri, hata kama ni ndugu wa tumbo moja.

Ili tujue kazi hizo ni zipi, tuone kwanza mwili unafanyiwa nini. Upasuaji unaofanywa zaidi duniani leo ni ule wa kukata na kuondoa kama asilimia 75 hadi 80 ya mfuko wa chakula, ukabaki mrija mwembamba wenye umbo la ndizi. Mwingine ni baipasi. Hapo daktari hutenga juu kabisa kifuko cha mililita 30 hivi, yaani vijiko viwili vya mezani, akakiunganisha moja kwa moja na utumbo mwembamba. Baipasi ilianzishwa na Edward Mason na mwenzake Chikashi Ito katika Chuo Kikuu cha Iowa, Marekani, miaka ya 1960, na tangu miaka ya 1990 imekuwa ikifanywa kwa matundu madogo badala ya kupasua tumbo zima. Puto linaloingizwa kwa mdomo na kutolewa baada ya miezi kadhaa, lile ambalo Watanzania wengi walilisikia kupitia Mloganzila, si upasuaji, na aliyewekewa puto hajapitia haya ninayoyaeleza.

Kuhusu nani anastahili, nitapita haraka. Hesabu ya BMI ni kilo zako gawanya kwa urefu wa mita uliozidishwa kwa wenyewe; mwanamke wa mita 1.60 anafika 35 akiwa na kilo 90. Kigezo cha Marekani cha mwaka 1991 kilitaka 40, au 35 kwa mwenye maradhi yanayoletwa na unene. Mwaka 2022 vyama vikubwa vya madaktari wa fani hii vilishusha hadi 35 hata bila maradhi, na vikasema anayeanzia 30 mwenye kisukari naye afikiriwe. Daktari wako atakuwa na lake la kusema.

Siri nyingi huvujia jikoni, wiki mbili kabla ya kisu. Upande wa kushoto wa ini umelala juu ya mfuko wa chakula, na daktari hawezi kufika anakokwenda bila kuuinua. Ini la mtu mnene mara nyingi limejaa mafuta. Ni kubwa, zito, na huchanika upesi. Kwa hiyo hospitali nyingi hukupa mlo mkali wa siku kumi na nne hivi, mara nyingi kilokalori 800 hadi 1,000 kwa siku na wanga kidogo mno, ili ini lisinyae. Ukidanganya katika mlo huo, daktari ataona mwenyewe akishaingiza kamera, na anaweza kulazimika kuahirisha kazi wakati wewe umeshalala.

Sasa jaribu kuufuata mlo huo katika nyumba inayokula sinia moja. Mkono usioingia sinia unaonekana na kila mtu. Siku ya kwanza utasema tumbo limejaa gesi, ya pili utasema umefunga sunna, ya nne mama mkwe atakuwa ameshaamua kuwa una mimba au una kisirani. Wa kwanza kujua ukweli atakuwa dada wa kazi, maana siri ya mtungi aijuaye kata: yeye ndiye anayeona mayai yanavyoisha, matango yanavyoongezeka, na kopo la unga wa protini lililofichwa nyuma ya debe la mchele. Ajabu ni kwamba katika orodha za wa kuambiwa simwoni kabisa, wakati yeye ndiye mwenye kazi kubwa kuliko shemeji wote. Baada ya upasuaji kuna kama wiki mbili za vya majimaji tu, kisha vya kusaga, kisha laini, hadi chakula cha kawaida kirudi mwezi wa pili hivi. Atakayechemsha mapande ya kuku, akayasaga na mchuzi wake, akayapitisha kwenye chujio la chai mpaka kisibaki kipande cha kukwama, ni yeye. Mkalishe chini, msomee karatasi ya mlo, mwambie ni kwa nini hutakunywa maji ukiwa unakula, na kwa nini utaonekana unabeba chupa kutwa ukinywa funda moja moja. Umwombe asiseme. Kwa uzoefu wa wengi, akiheshimiwa hivyo hasemi. Hutangaza yule aliyelazimika kuchungulia.

Mwenye kisukari hana hiari hapa. Wanga ukikatwa ghafla na dozi ya insulini ikibaki ileile, sukari inashuka, na usiku wa manane mtu anatoka jasho, anatetemeka, anaongea yasiyoeleweka. Dozi hupangwa upya na daktari kabla mlo haujaanza, na lazima pawe na mtu chini ya paa lile anayejua dalili hizo na anayejua sukari iliwekwa wapi.

Kuna mlango mmoja ambao siri haiingii nao, nao ni wa chumba cha daktari. Mficha maradhi kifo humuumbua, na methali hii naikubali hapa kwa ukamilifu, ingawa siikubali inapotumiwa na mawifi kudai taarifa. Mtaalamu wa usingizi anataka kujua kama unakoroma na kukatika pumzi ukilala, kama unavuta sigara au shisha, na kama unakunywa pombe, na kiasi gani cha kweli. Anataka kujua pia kama umekuwa ukichoma zile sindano za kupunguza mwili, na hili watu huona aibu kulisema, kana kwamba waliibia mtihani. Sindano hizo huchelewesha chakula kutoka tumboni. Ukipewa nusu kaputi chakula kikiwa bado kipo, kinaweza kupanda na kuingia mapafuni. Taja na mizizi uliyopewa na jirani. Utapimwa damu na umeme wa moyo, utaingizwa kamera kooni kutazama vidonda na bakteria wa H. pylori, na huenda ukakaa na mwanasaikolojia. Wengi humwogopa huyu wa mwisho kama mwamuzi. Kazi yake kubwa ni kuuliza swali hilihili la sura yetu: nyumbani kuna nani?

Mwenzi wa ndoa ndipo hesabu inapokuwa ngumu. Wapo wanaoaga kwamba wanakwenda semina Nairobi, au India kwa biashara ya nguo, wakarudi na matundu matano tumboni. Siwezi kukuambia ndoa yako ikoje. Naweza kukuambia ni kazi gani zinamngoja mwenzi, nawe uone kama kuna mwingine wa kuzifanya. Kwa kawaida madaktari hutaka mwanamke asishike mimba kwa miezi 12 hadi 18, kwa sababu mwili unaopungua kwa kasi na kunyonya virutubisho kwa shida haumtoshi mtoto. Wakati huohuo, kupungua mwili hurudisha hedhi iliyokuwa imepotea na kufungua uzazi uliokuwa umegoma, na vidonge vya uzazi wa mpango baada ya baipasi havitegemewi kama zamani. Mwanamke aliyesubiri mtoto miaka saba, akaambiwa sasa unaweza kupata lakini usipate, hawezi kuubeba mzigo huo kitandani peke yake huku mwanamume akidhani mambo ni yaleyale.

Na kuna jambo ambalo washauri huliruka kwa adabu. Mwaka 2018 watafiti wa Sweden walionyesha kwamba waliofanyiwa upasuaji huu waliachana na wenzi wao zaidi ya wengine, na wale waliokuwa peke yao walipata wenzi zaidi ya wengine. Haina maana kwamba kisu huvunja ndoa. Mtu akibadilika mwili hubadilika na mengi: anavaa asivyovaa, anakwenda asikokwenda, anakataa alichokuwa akivumilia. Wapo pia wanaume ambao unene wa mke ni cheti chao cha utunzaji, na mke akipungua wanahisi mtaa unawasoma wao. Mume wa namna hiyo aambiwe mapema, mbele ya daktari ikiwezekana, si kwa meseji kutoka wodini.

Fedha nazo huongea. Ukikopa kwenye kikoba utaulizwa mkopo ni wa nini, na jibu litaandikwa kwenye daftari mbele ya wanawake thelathini. Ukifungua grupu la WhatsApp la michango, umetangaza. Hakuna anayechangia matibabu asiyoyajua, na aliyechanga elfu kumi anajiona ana hisa katika mwili wako. Siku akikuona na kipande cha keki harusini atakuuliza. Ndiyo maana wengi huuza kiwanja au kudunduliza kimya kimya, na ninawaelewa. Kama una bima, omba majibu ya nini inalipa na nini hailipi kwa maandishi kabla hujagusa kiwanja hicho.

Kazini mambo ni mepesi kuliko watu wanavyodhani. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya Tanzania ya mwaka 2004 inampa mfanyakazi likizo ya ugonjwa ya siku 126 katika mzunguko wa miezi 36: 63 za kwanza kwa mshahara kamili, 63 zinazofuata kwa nusu. Mwajiri anahitaji cheti cha daktari, na ED, yaani karatasi ya kupumzishwa kazi, inayosema "amefanyiwa upasuaji wa tumbo" ni ya kweli na inatosha. Taarifa za afya zimewekwa miongoni mwa taarifa nyeti katika Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, kama zilivyo katika sheria ya Kenya ya mwaka 2019. Mtu mmoja kazini angefaa kujua, yule mnayekaa chumba kimoja. Kazi yake ni kuhakikisha hupandishwi ngazi na maboksi wiki ya tatu.

Wenye majina makubwa wameyajaribu haya yote mbele ya macho yetu. Mwimbaji Carnie Wilson wa Marekani aliruhusu baipasi yake ya mwaka 1999 irushwe moja kwa moja kwenye intaneti. Aliwasaidia wengi waliodhani ni wao tu, lakini mwili uliporudi dunia nzima ilikuwa inatazama, na mwaka 2012 alifanyiwa upasuaji wa pili. Chris Christie, wakati huo gavana wa New Jersey, alichagua njia nyingine. Februari 2013 alijiandikisha hospitalini kwa jina la bandia akafungwa mkanda wa kubana mfuko wa chakula, watu wachache tu wakijua, na Mei yake mwenyewe akaeleza. Ananivutia zaidi Star Jones, aliyekuwa mtangazaji wa kipindi cha The View. Alifanyiwa upasuaji mwaka 2003 na hakuusema wazi hadi mwaka 2007. Barbara Walters, mwenye kipindi, alikuja kuandika kwamba wenzake wa mezani walilazimika kudanganya hadharani kwa ajili yake. Hapo ndipo ninapoona siri inageuka dhuluma. Ukimwambia mtu kisha ukamfunga mdomo bila kumpa la kusema, umemfanya mwongo wako. Mpe maneno. "Amepasuliwa tumbo, anaendelea vizuri, akipata nafuu atawaita" yanatosha kwa mama, kwa bosi na kwa mchungaji.

Utayahitaji maneno nawe pia, kwa sababu mwezi wa tatu mwili unaanza kusema. Nguo zinaning'inia, nywele hunyonyoka kwa muda kati ya mwezi wa tatu na wa sita, na msusi ataona kabla ya mama. Katika kanda yetu kukonda haraka kuna historia. Waliokulia Kagera au Rakai miaka ya 1980 waliwaona watu wakikonda hivihivi kisha wakawazika, na macho hayo hayajasahau. Usishangae ukisikia kwamba una "mdudu", yaani ukimwi, au kwamba umefilisika, au mume anakutesa. Kwa mama aliyeyaona yale, naona kumwacha akeshe akikulilia gizani ni ukatili, hata kama ana presha. Mwambie baada ya upasuaji, ukiwa umekaa mbele yake, unatembea. Kazi yake ni kuacha kukulazimisha kula, na kwa mama wa Kiswahili hakuna kazi ngumu kuliko hiyo.

Watakaokuambia kwamba umepita njia ya mkato hawahitaji hotuba, ila wewe unahitaji kujua jibu ili maneno yasikuingie. Uchunguzi mkubwa wa Sweden ulioanza mwaka 1987 ulifuatilia watu 4,047 wenye unene uliokithiri, nusu wakipasuliwa na nusu wakipata ushauri na matibabu ya kawaida. Miaka 15 baadaye uzito wa hao wa pili ulikuwa karibu uleule walioanza nao. Matokeo ya mwaka 2007 yalionyesha pia kwamba waliopasuliwa walikufa wachache zaidi. Homoni ya njaa iitwayo ghrelini, iliyogunduliwa Japani mwaka 1999, hutengenezwa zaidi katika ile sehemu ya juu ya tumbo inayokatwa na kuondolewa. Njaa ya mtu mnene haikuwa uvivu wa kusali.

Muislamu aongeze mtu mmoja. Madaktari wengi hushauri usifunge Ramadhani ya kwanza baada ya upasuaji, kwa kuwa maji ya siku nzima hayawezi kulipwa kati ya magharibi na daku na tumbo la vijiko viwili. Mwanamke atapata visingizio vya siku chache, mwanamume hatapata hata kimoja. Ongea na sheikh unayemwamini kabla mwezi haujaandama.

Narudi kwenye ule mstari wa fomu, na kwenye kazi iliyo kubwa kuliko zote: ya mtu atakayekuwa nawe usiku. Hatari za kweli ziko katika siku na wiki za mwanzo. Mshono wa ndani unaweza kuvuja, na damu inaweza kuganda miguuni ikapanda mapafuni. Mtu huyu awe amefundishwa mambo haya na si kuambiwa juu juu: moyo kwenda mbio ukiwa umelala, homa, maumivu yanayozidi badala ya kupungua, kupumua kwa shida, mguu mmoja kuvimba, kutapika kusikokoma. Akiona moja kati ya hayo haulizi ruhusa yako, anapiga simu na anatafuta usafiri. Namba ya mtu huyu ndiyo ya kuandika kwenye fomu. Akiwa ni mpangaji mwenzako wa chumba cha pili mwenye gari na moyo mgumu, mwandike yeye, na mama umwache na dua zake.

Na pale ambapo huwezi kusema, kadi iseme. Andika kwenye karatasi ngumu aina ya upasuaji, tarehe, simu ya daktari, na kwamba hupewi diklofenaki wala ibuprofeni, iweke nyuma ya kitambulisho. Mgongo ukikushika miaka mitatu baadaye, zahanati ya mtaani itachukua bomba na sindano ya diklofenaki kabla hujamaliza kueleza, na kwa mwenye baipasi dawa hizo huchimba vidonda kwenye maungio. Mhudumu yule hana kosa kama hakuambiwa. Vitamini utameza maisha yako yote, kwa hiyo mfamasia wako naye atajua, na hakuna ubaya.

Amebaki mtu mmoja, ambaye hana kazi yoyote kwako ila wewe una kazi kwake. Atakufuata chooni kwenye sherehe, au atakutumia meseji saa tano usiku. Ni mnene kama ulivyokuwa, na atauliza: "Dada, umefanyaje?" Una haki ya kumwambia hilo ni langu. Huna haki, naona, ya kumwambia ni maji ya ndimu na kutembea jioni, kwa sababu atayanywa hayo maji mwaka mzima, hatapungua, na atahitimisha kwamba kasoro ni yake. Mkiwa wawili tu na ukimwamini, mpe simu ya daktari wako, mtajie bei uliyolipa yote pamoja na vipimo, na umwambie akaonane na daktari kwanza, kiwanja akiuze baadaye.